Kupinga Kuuawa kwa Programu ya Marehemu Mke Wangu

Edmonton, London
Jumamosi, 8 Novemba 2025

Kwa Maalim Mansour,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kompyuta,
Jumuiya ya Wazee Wetu.

Maalim wangu,

Asalamu alaikum. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kompyuta yangu haiwezi kutumika kwa sasa, na hilo ndilo ninalokuja kulalamikia. Goti langu la kushoto halijambo, la kulia lina maoni yake. Mengine yote, alhamdulillahi.

Wewe unanijua, lakini barua za kamati husomwa na wengi, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ni Matar Khamis, karani mstaafu wa gereji ya mabasi, mume wa marehemu Mwatima, aliyefariki mwanzoni mwa Aprili, wiki ile ile ya Idi.

Mtakumbuka kuwa mwaka juzi kamati ilitugawia wazee programu iitwayo Daftari Letu, tuandike habari zetu ili wajukuu wasije wakasema hatukuwa na la kusema. Mimi niliandika nusu ukurasa kuhusu gereji nikachoka. Mwatima aliandika kila siku. Aliandika kwa kidole kimoja, cha kati, kwa sababu cha shahada alijikata na mbuzi ya nazi mwaka 1994 na tangu hapo hakikupenda kupinda. Akikosea herufi alikuwa anaiomba msamaha ile kibodi.

Siku ile ya Aprili alikuwa anaandika. Akainuka kwenda jikoni kupunguza moto, akaanguka. Kesho yake, hospitalini, hakuwepo tena. Kompyuta ilibaki inawaka. Programu yenu, kama mlivyoipanga kwa ajili ya siri za watu, ikisubiri dakika kumi bila kuguswa huficha ukurasa na kuonyesha maneno haya: "Mwatima, karibu tena. Andika neno lako la siri." Neno la siri silijui. Nimejaribu jina langu, halikukubaliwa. Nimejaribu jina la binti yetu Najla, halikukubaliwa. Nimejaribu jina la paka wa jirani, na hapo nilijisikia vibaya hata kabla ya kukataliwa.

Basi ukurasa wa mwisho wa Mwatima uko ndani, haujahifadhiwa, na mimi niko nje. Miezi saba sasa naingia sebuleni asubuhi na kusoma "Mwatima, karibu tena." Watu wengi waliacha kuja baada ya hitima, na sina kinyongo, kila mtu ana zamu yake ya kazi. Programu haikuacha kumkaribisha hata siku moja.

Alhamisi iliyopita iliganda. Kile kijiti kilichokuwa kinapepesa mahali pa kuandikia kikasimama, na skrini ikaandika: "Programu haijibu. Usubiri, au uisitishe kwa nguvu? Ukiisitisha, masalio yake yatahifadhiwa."

Fundi wenu Bwana Jaffar, anayefanya kazi ya kompyuta Stratford na kutusaidia kwa hisani yake, alikuja jana baada ya sala ya Ijumaa. Alinieleza hivi, na ninaandika kama nilivyofahamu. Programu imeganda na haitaamka. Lakini maneno ya Mwatima bado yamo katika kumbukumbu yake, almuradi umeme upo. Tukiiua makusudi, wakati inakufa kompyuta itaandika faili la masalio, yaani kila kilichokuwa kichwani mwake dakika ile, na humo atayatafuta maneno hayo na kuyatoa, neno la siri lisitakiwe. Tukingoja, Jumanne saa tatu asubuhi mwenye nyumba anawaleta mafundi wa umeme kubadilisha nyaya za jengo zima. Umeme ukizimwa hapatabaki kitu, si programu wala masalio.

Kwa hiyo Bwana Jaffar anasema iuawe kabla ya Jumanne. Mimi nimekataa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Haraka. Bwana Jaffar alivua viatu, akakaa, akatazama skrini, akasema, "Mzee Matar, hii imeganda. Tuiue, tuchukue masalio." Chai ilikuwa bado haijachemka. Hospitali walituita kwanza kwenye chumba kidogo chenye boksi la karatasi za kufutia machozi, wakatupa maji, na daktari akaketi chini kidogo ili macho yake yawe sawa na yetu. Sisemi programu ipewe yote hayo. Nasema maji angalau.

Nilimwambia tusubiri. Akauliza, "Mpaka lini?" Nikamwambia mpaka ijibu. Akasema, "Mzee wangu, hiyo utaisubiri mpaka punda aote pembe." Naomba maneno hayo yaingizwe katika kumbukumbu za kikao kama yalivyo, pamoja na punda.

2. Swali. Kabla ya kukubali kuuawa, programu inatoa kisanduku kinachosema: "Tafadhali eleza ulikuwa unafanya nini tatizo lilipotokea." Mimi ni karani, fomu naijaza kwa ukweli. Niliandika kuwa nilikuwa nafukiza ubani. Bwana Jaffar akafuta, akasema, "Andika tu ulikuwa unaitumia." Huo ni uongo, Maalim. Nilikuwa nafukiza ubani.

Lakini si hilo linaloniuma. Mwatima alipoanguka mimi nilikuwa chini, kwenye mapipa, nakunja boksi la karatasi ili liingie kwenye pipa la karatasi. Lilikuwa boksi gumu. Nilichukua muda, kwa sababu kulikuwa na jua kidogo, na jua la hapa likitoka huliachi. Miezi saba hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini. Daktari hakuniuliza, wala mama wa ofisi ya kuandikisha vifo. Wa kwanza kuniuliza ni programu, tena inaniuliza kuhusu yenyewe. Naomba kisanduku hicho kipanuliwe. Kinaruhusu herufi mia mbili tu, na mimi nina zaidi.

3. Ubani. Bwana Jaffar alifungua lile sanduku la kompyuta kwa bisibisi, akachungulia, akanusa, akaniuliza, "Mzee, humu mnapika nini?" Nilimweleza. Kila Alhamisi baada ya magharibi Mwatima alikuwa akifukiza nyumba kwa ajili ya usiku wa Ijumaa, nami sikuiacha desturi. Chetezo nilikiweka sakafuni karibu na sanduku la kompyuta, kwa kuwa ndipo alipokaa mara ya mwisho. Niliona kile kifeni cha nyuma kinauvuta moshi wote vizuri sana, nikafurahi. Nikasema, hata mashine ya Mwatima inapenda. Halafu nilifunika sanduku kwa kanga yake, kwa stara na ili harufu isitoke.

Bwana Jaffar alikigusa kifeni kwa ncha ya bisibisi. Kisha akasema kuwa Alhamisi thelathini za ubani, chini ya kanga, hakuna kompyuta duniani iwezayo kuzivumilia, na kwamba kifeni kimegeuka kama kitumbua. Kwa maneno mengine, ananituhumu.

Nauliza kwa heshima: programu hii imetengenezwa na Wazanzibari kwa ajili ya Wazanzibari wa Edmonton. Je, kamati haikufikiri kuwa itafukizwa? Katika kijitabu cha maelekezo mmeandika tusimwage chai juu yake. Kuhusu ubani mmenyamaza. Kosa ni la kijitabu.

4. Masalio yenyewe. Bwana Jaffar anasema faili hilo litakuwa na kila kitu. Herufi alizoandika, hata alizofuta, hata mahali alipokuwa amesimamisha kijiti. Likichapishwa, anasema, ni zaidi ya kurasa elfu arubaini. Nimelifikiria hilo usiku kucha na naona si haki. Programu ikifa inaacha kurasa elfu arubaini. Kwa Mwatima, aliyenilea mimi miaka arubaini na moja, nilipewa karatasi moja ya kijani ya ruhusa ya kuzika, na mfuko wa plastiki wenye miwani, tasbihi na kiatu kimoja.

Kwa hiyo naiomba kamati iwaandikie wakuu wa hospitali zote za London, kwamba kuanzia sasa mtu naye ahifadhiwe masalio. Isiwe kurasa nyingi. Alikuwa anafikiri nini alipokwenda jikoni, basi. Najua mtaniambia haiwezekani. Lakini mlisema hivyo hivyo kuhusu benchi la kituo cha basi, mkawaandikia manispaa barua nne, na leo nimelikalia.

Pia nataka kujua nani atayasoma. Bwana Jaffar anasema atalichukua faili na kulisafisha kwanza. Halafu Bi Shenaz, katibu wenu, atapitia tahajia. Mwatima hakupenda kupitiwa tahajia hata alipokuwa hai. Na ikiwa alivyovifuta navyo vimo, basi nakutahadharisha mapema, kwa nia njema, kuhusu Bi Shenaz na ile pilau ya mwaka juzi.

5. Hali ya programu. Nimemuuliza Bwana Jaffar: programu hii ni hai, mgonjwa, au imekwisha kufa? Akasema si hai, si mfu, imeganda. Hilo si jibu. Kama ni hai, basi ni mgeni wangu, na mgeni hauawi kwa sababu amenyamaza. Kama ni mgonjwa, inataka tabibu. Kama imekwisha kufa, kwa nini iuawe mara ya pili? Jirani yangu wa chini, Mama Émilienne, Mkongomani anayehudumia wazee majumbani mwao, alipanda kuniletea maharage, akaitazama skrini, akatikisa kichwa. "Papa Matar," akasema, "hii kitu iko nachoka. Wacha ilale." Namheshimu, kwa sababu kazi yake ni kukaa na waliochoka. Lakini naye hakusema imekufa.

Na hapa, Maalim, nitasema jambo ambalo sikulisema hata msikitini. Mimi nimewahi kuulizwa mara moja katika maisha yangu kama mashine izimwe. Nilisema sawa. Nilikuwa nimechoka, Najla alikuwa analia, na daktari alikuwa mpole sana, huwezi kumkatalia mtu mpole. Ilichukua muda mdogo kuliko kukunja lile boksi. Sisemi walikosea. Nasema sitaki kuulizwa mara ya pili, hata na kompyuta.

6. Matakwa ya marehemu. Hii ndiyo hoja yangu kubwa na nimeiweka mwisho ili isisahaulike. Mwatima aliiacha wazi. Mtu akiacha kitu wazi ana maana yake. Hakuizima alipokwenda jikoni, na mwanamke yule hakuwa msahaulifu, alikumbuka siku za kuzaliwa za watoto wa watu ambao mimi hata majina yao siyajui. Kama angetaka ifungwe angeifunga. Mimi nilimjua. Aliipenda ikiwa wazi, na kuifunga kwa nguvu ni kumfungia yeye mlango usoni. Sidhani kama kuna jibu kwa hoja hii.

Kwa sababu hizo sita, naomba yafuatayo.

Kwanza, kamati imwombe mwenye nyumba aahirishe nyaya mpaka programu itakapojibu. Wakazi wengine nimewataarifu. Wawili wamekubali, mmoja alifunga mlango.

Pili, akikataa, kamati ilete jenereta. Nimepima kwa futi, inaingia kwenye ngazi kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Mama Émilienne ameridhia, kwa sharti isingurume Jumatano jioni, kwani yeye na wenzake wana maombi kwake.

Tatu, jenereta ikishindikana na ikalazimu iuawe, basi isiuawe kihuni. Ifanyike baada ya alasiri. Wawepo mashahidi wawili, mmoja ajuaye kompyuta na mmoja aliyemjua Mwatima. Pasiwe na mzaha wa punda. Darasa la kompyuta lifungwe siku tatu, na wanafunzi wasiguse vipanya. Arubaini nitaisimamia mwenyewe.

Nne, masalio yaletwe kwangu katika bahasha iliyofungwa, bila kusafishwa, kurasa zote elfu arubaini. Nafasi ipo. Nimeshaondoa kabati la vyombo.

Naamini utaliangalia hili kwa jicho la huruma. Nisalimie mama watoto, nisalimie wote wa kamati mmoja mmoja, Bwana Jaffar pia, sina ugomvi naye, amesahau bisibisi yake hapa. Nisalimie wazee wa darasa la Jumamosi, hasa wale wa safu ya nyuma wasiosikia. Msalimieni na Bi Shenaz.

Wako katika subira,
Matar Khamis

Nyongeza, Jumatatu, 10 Novemba

Barua hii sikuituma juzi kwa sababu sikuwa na stempu. Jana Najla alikuja na stempu, nikamsomea barua yote ili aniambie kama ina adabu ya kutosha. Kiswahili anakielewa chote, ila hunijibu kwa Kiingereza. Kwenye namba tatu alicheka mpaka akalala kwenye kochi. Kwenye namba tano hakucheka. Nilipomaliza aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama kweli sitaki kujua mama yake aliandika nini.

Nikamwambia nataka sana. Lakini kwa miezi saba kuna ukurasa mmoja wa Mwatima ambao sijausoma. Nikishausoma, hakuna tena neno lake jipya hapa duniani.  Najla alinishika mkono, na tulikaa hivyo.

Leo baada ya alasiri Bwana Jaffar alipita akitoka kazini. Alingoja mpaka nilipomwambia mimi mwenyewe kuwa iuawe. Nikabonyeza pale pa kuisitisha. Niliandika kwenye kile kisanduku kuwa nilikuwa nakunja boksi. Hakufuta. Skrini ikawa nyeusi kidogo, kisha ikaandika kuwa masalio yamehifadhiwa. Bwana Jaffar aliyatafuta mbele yangu kwa muda wa dakika ishirini hivi, katikati ya herufi za ajabu ajabu, kisha akasogeza kiti ili nisome mimi kwanza.

Ni barua, Maalim. Tena ni yako wewe. Nainakili kama ilivyo:

"Kwa Maalim Mansour na Kamati. Nina malalamiko. Hii programu yenu haifungiki. Tangu juzi najaribu kuifunga, na kila nikibonyeza inaniuliza kama nina uhakika. Mimi nimezaa, nimehama nchi, nimezika mama na baba kwa simu, sijapata kuulizwa mara nyingi hivi kama nina uhakika. Inabaki wazi mchana na usiku na inanikera. Baba Najla siwezi kumuuliza, yeye kitu hakizimi. Redio anaiacha jikoni inasema peke yake, anadai inaziliwaza sahani. Ni mtu mwema, msimcheke. Ila akiachiwa yeye hii itawaka mpaka kiyama. Basi naomba aje mtu anayejua, aizime kabisa, hata kwa nguvu. Mje Jumamosi wote, nitawapikia"

Imeishia hapo. Hakuna nukta. Bwana Jaffar alitafuta tena mbele na nyuma, hata katika alivyovifuta, hakuna kingine. Kwa hiyo sijui alitaka kupika nini.

Malalamiko yangu yote, kuanzia namba moja mpaka namba sita, nayaondoa. Badala yake naambatanisha la kwake, ambalo lilitangulia na lina haki zaidi. Naomba lijibiwe kwa maandishi, kwa jina lake.

Na Jumamosi mje, wote, kama alivyowaalika. Nitapika mimi. Nitajaribu wali, nikishindwa tutajua. Mkishakula mtukumbuke kwa dua, yeye kwanza, halafu mimi.